Kibanda cha Baba Mkwe na Pampu Inayonguruma

Maman Nusura mpendwa,

Ninakuandikia nimevaa koti na kofia ya sufu, na usidhani niko kituoni nangoja treni, niko sebuleni kwangu, kwenye nyumba mpya niliyoijenga mwenyewe huku Haren, na mashine ya kupasha nyumba joto ipo, ni nzima, na aliyeizima ni mimi. Nisaidie, kama unavyowasaidia wengine gazetini, kabla ya tarehe ishirini na nne ya Januari hii, kwa sababu siku hiyo mtu wa kupima kelele anakuja na kifaa chake, na nikikosea nitampoteza jirani yangu, au baba mkwe wangu, au wote wawili.

Jina langu ni Mwenze, mtu wa Lubumbashi, nina miaka kumi na minne hapa Brussels, nafanya kazi ya ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, na ofisi haikunifundisha kujenga. Kiwanja tulikipata mwaka 2014, na tangu hapo nimejifunza mambo ambayo sikuyaomba, kwamba ramani inaweza kurudishwa na komini, ile serikali ya mtaa, mara tatu kwa sababu ya dirisha moja la choo, kwamba madirisha yanaweza kuletwa yakiwa marefu kuliko nafasi zake kwa vidole vinne, kwamba zege ukilimwaga Jumamosi ya mvua pamoja na ndugu wa kanisa waliokuja na moyo mzuri na viatu vya ibada, Jumatatu unaanza upya. Miaka miwili mke wangu Lucienne alipika bukari, ule ugali wetu, kila Jumamosi kwa watu kumi, na miaka miwili hiyohiyo jirani yetu Madame Godelieve, mjane wa miaka sabini na minane, alitupa maji ya bomba lake kwa mpira uliopitishwa juu ya ua, kwa sababu yetu yalikuwa hayajaunganishwa, na hakuna Jumamosi aliyokosa kutuletea kahawa kwenye themosi. Bila yule bibi, Maman, nisingekuwa na nyumba.

Bon, mashine. Msanifu alituambia nyumba mpya haihitaji gesi, tuweke pampu ya joto, ile wanayoiita pompe à chaleur, sanduku la chuma lenye feni linalokaa nje na kuvuta joto kwenye hewa, hata siku ya baridi, likaliingiza ndani. Fundi Désiré alikuja kuifunga mwezi wa Oktoba 2016, bustanini nyuma, akaniambia mambo mawili tu, mbele ya feni pawe wazi na feni isitazame kwa jirani, akaniachia na karatasi yenye michoro. Karatasi niliiweka kwenye droo ya vijiko.

Mwisho wa mwezi huo akafika baba mkwe wangu, Papa Kabeya, kwa viza ya miezi mitatu. Papa Kabeya alikuwa mwashi wa migodini miaka thelathini na nane, na alipofika kwetu aliizunguka nyumba mara mbili, mikono nyuma, nami nikimfuata kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Halafu akatikisa kichwa kwamba ni nzuri, nikapumua. Ndipo akaiona mashine imekaa peke yake kwenye majani, akasikitika. Unajua kwetu, ukiacha jenereta nje bila nyumba yake, asubuhi utakuta nyaya tu.

"Mashini ya maana hivi munaiacha inje sawa mbuzi," akasema. "Minaijengea nyumba yake."

Nilikuwa na karatasi, Maman. Nilijua. Lakini baba mkwe unamwambiaje kwamba amekosa, sijui kwenu, kwetu ulimi unakwama. Nikasema asante Papa, nikamletea matofali yaliyobaki. Siku nne akajenga, na alijenga vizuri, hilo lazima niseme, ukiweka timazi pale haliyumbi. Kuta tatu na paa, ukuta mmoja umesimama mbele ya feni kwa umbali wa shubiri moja, na upande wa nne geti la nondo na kufuli, alilolichomelea Rigobert, binamu wa mke wangu. Geti likaelekezwa kwa Madame Godelieve, kwa sababu mdomo wa jenereta hautazamishwi kwenye nyumba ya mwenyewe. Juu ya geti akaweka linta, boriti fupi ya zege, na kabla haijakauka akaandika kwa msumari KABEYA 2016, na chini yake majina ya wajukuu wake, Sephora na Graciella. Watoto walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Tangu siku hiyo ile mashine ambayo ilikuwa inapumua taratibu inanguruma kutwa kama lori linalopanda mlima, upepo wake wa baridi unagonga ukuta na kurudi kumezwa tena, nyumba haipati joto, na kelele yote inatokea getini, moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni la yule bibi. Mara ya kwanza alikuja kuniambia kwa upole, ana keki mkononi. Mara ya pili alikuja bila keki. Nikamjibu kwa ujinga wangu kwamba Haren ndege za uwanja wa Zaventem zinatupita juu ya paa tangu asubuhi, sembuse hiki kisanduku, akaniambia kwamba ndege hupita ikaenda zake, lakini hii yenu haiendi. Hajaja tena, na sasa tukikutana kwenye mapipa ya taka ananiangalia viatu. Kisha ikaja barua ya rekomande, ile ya kutia saini, kutoka serikalini kuniarifu siku ya kipimo, nikaificha kwenye sanduku la vifaa, chini ya drili.

Donc sasa naishi hivi, nachungulia pazia la Madame Godelieve, akiingia jikoni nazima, akitoka nawasha, watoto wanafanya kazi za shule wamevaa makoti, na Lucienne nimemwambia mashine bado inaizoea nyumba. Hakuniamini, akampigia Désiré simu na kumgombeza. Désiré akaja, akaona kibanda, akacheka mpaka akachuchumaa, halafu Papa akatokea mlangoni kumpa mkono, kicheko kikakatika, Désiré akasema kazi safi sana Papa, akaondoka. Mtu aliyelipwa kusema, naye alishindwa.

Na kuna jingine linalonitia aibu zaidi. Wiki iliyopita nilimkuta Papa Kabeya amechuchumaa pale, sikio karibu na ukuta, na kwenye ukuta wa mbele alikuwa amekwisha kutoa matofali mawili, taratibu, bila kuyavunja.

"Mukwe," akaniambia, "hii mashini haiko inapumua muzuri."

Nikaogopa kwamba amesikia manung'uniko yangu na ameumia. "Hapana Papa, iko bien," nikamwambia. "Muache vile, tuko na furaha nayo." Na alasiri hiyohiyo nikakoroga saruji kwa mkono wangu nikayarudisha matofali yote mawili, ili asijione amedharauliwa. Alisimama akaniangalia mpaka nikamaliza, akaingia ndani.

Rigobert anasema siku ya kipimo nizime tu mashine, na tarehe thelathini Papa akishapanda ndege nibomoe. Nilipomgusia Lucienne habari ya kubomoa, kwa utani tu, alinijibu: "Papa yangu alikujengea na mikono yake. Bon, weye utabomoa na mikono ya nani?" Sijagusia tena. Maman, ninaona aibu mbele ya watu wawili walionisaidia kujenga nyumba hii, na aliyeleta balaa ni mimi niliyekaa kimya. Niambie nifanye nini.

Mwenze, Haren


JIBU LA BI NUSURA

Ndugu Mwenze,

Pole na baridi, na hongera. Kujenga katika mji huu, ukapita komini, ukapita madirisha, ukapita zege la mvua, na ndoa ikabaki nzima, ni kazi ya kuheshimiwa. Wengi wetu tuliishia kwenye kuchora tu. Sifa zako zimeishia hapo.

Wewe ni mwoga, ndugu yangu, na woga wako umeupa jina la heshima. Umemficha mkeo barua ya serikali chini ya drili, umewavika watoto makoti ndani ya nyumba yao, na umekuwa mlinzi wa pazia la bibi wa watu. Mashine inaizoea nyumba! Nimecheka mpaka chai imemwagika, lakini Lucienne akijua hatacheka, kwa hiyo barua hiyo anaisoma leo, kabla hajaikuta mwenyewe akitafuta bisibisi.

Kuhusu kelele, mimi si fundi, ila nimekaa Molenbeek miaka ishirini juu ya duka la nyama lenye majokofu makubwa, na mambo haya nimejifunza kwa masikio. Wapimaji hawaulizi mashine inalia vipi kwako. Wanakwenda kusimama kwa aliyelalamika, na saa za usiku na Jumapili wanabana zaidi. Ukimsikiliza Rigobert ukaizima siku hiyo, mpimaji ataandika kwamba hakukuta kitu, na kesho yake Madame Godelieve ataamka na ngurumo ileile, na sasa atajua kwamba jirani ambaye yeye alimpa maji miaka miwili ni mjanja. Hapo kweli utakuwa umempoteza. Hakuna mtu wa vipimo atakayekurudishia kahawa ile.

Sasa kaa chini usome tena barua yako mwenyewe, pale penye matofali mawili. Mzee aliyejenga miaka thelathini na nane amechuchumaa, ametega sikio, ametambua kosa, ameanza kulitengeneza kimyakimya ili asikuabishe, na akakuambia kwa mdomo wake kwamba mashine haipumui. Wewe ukamjibu kwamba mna furaha, ukakoroga saruji, ukamzibia mbele ya macho yake. Unalia kwamba huwezi kumwambia baba mkwe amekosa. Nani kakuomba umwambie? Alikwambia yeye. Kibanda hicho Papa Kabeya alikijenga mara moja, mara ya pili umekijenga wewe.

Na la kukukera zaidi ni hili. Komini wamekurudishia ramani mara tatu kwa dirisha la choo, ukavumilia, ukaipeleka tena. Baba mkwe wako, mwashi mtu mzima, hukumwonyesha karatasi hata mara moja. Mwashi gani amewahi kujenga vizuri bila ramani? Umemwacha mzee ajenge gizani, halafu unasema umemheshimu.

Basi fanya hivi. Itoe karatasi ya Désiré kwenye droo ya vijiko, ifute mafuta, na kesho asubuhi mpe Papa mikononi pamoja na miwani yake. Useme maneno machache: "Papa, hii karatasi nilipaswa kuwapa siku ya kwanza, kosa ni langu." Ukimaliza kusema hivyo, funga mdomo. Usieleze, usicheke, usiongeze kwamba kazi yake ilikuwa safi sana. Ataangalia ule mchoro wa nafasi mbele ya feni na ataelewa kuliko wewe na mimi.

Halafu iwashe mashine, mchukue Papa na Lucienne, mwende kwa Madame Godelieve, na safari hii keki iwe mkononi mwenu. Omba radhi mlangoni, usingoje kukaribishwa. Mwombe mkae dakika kumi jikoni kwake, mzee asikie kwa sikio lake kile bibi anachosikia akipika supu yake. Hawa wawili hawana lugha ya kutosha ya kuzungumza, lakini wote ni wazee na wote walikujengea nyumba, wataelewana. Mwambie bibi siku ambayo kibanda kitaondolewa, na siku hiyo iwe kabla ya tarehe ishirini na nne.

Kibanda atabomoa Papa Kabeya mwenyewe. Wewe siku hiyo ni saidia fundi, unashika ndoo, unapanga matofali, na ukipewa amri unasema ndiyo Papa, jambo ambalo unaliweza sana. Matofali muulize yeye yaende wapi. Mimi ningeomba baraza fupi kando ya ua, ya kukalia mkinywa kahawa na jirani kiangazi, lakini mimi ni mtu wa Tanga na mawazo yetu huishia barazani, mwachie mwenye kazi aamue. Linta msiivunje. Ile yenye jina lake na majina ya watoto iwekwe ukutani kando ya mlango wa mbele, pale mgeni anapobonyeza kengele, aisome kabla hajafunguliwa.

Umwite na Désiré, na mwambie ninamsalimu na nimemkasirikia. Aangalie kama mashine imekaa sawa juu ya miguu yake ya mpira, asafishe feni, aiwekee mwendo wa polepole saa za kulala. Mpimaji akija aikute iko wazi na inafanya kazi, na mpeni na yeye kahawa. Ikiwa bado inapita kiasi, atakuandikia, na utarekebisha kama ulivyorekebisha madirisha, umekwisha kuzoea.

Jibu hili nimekutumia leo ili ulipate mapema. Gazetini sitaliweka mpaka unijulishe kwamba nyumbani kila mtu amekwisha jua.

Tarehe thelathini mzee anapanda ndege, na huenda viza nyingine isipatikane upesi. Usimwache arudi Lubumbashi akijua kwamba kwenye nyumba ya binti yake aliacha kosa, aliliona, na mkwe wake alimnyima nafasi ya kulitengeneza. Anakungoja tangu wiki iliyopita. Washa mashine, vua koti, ukamwite.

Bi Nusura