Mara Ishirini na Mbili

Jumapili, 12 Mei

Mume wangu. Naandika tena nione neno linavyokaa kwenye karatasi: mume wangu. Leo tumetimiza wiki ya kumi na moja, na bado nikilitamka dukani natabasamu peke yangu kama mjinga.

Amelala. Saa nane mchana, chumbani giza, mimi jikoni na daftari. Jumapili yake imeliwa tena. Mwenzake kule anakooka mikate amevunjika mkono, kwa hiyo zamu zote za usiku zimemwangukia yeye. Anatoka saa kumi na moja jioni, mimi nafika nyumbani saa kumi na mbili kasorobo. Nakuta kikombe chake kikiwa na joto bado. Nakishika mpaka kipoe. Asubuhi anarudi saa moja kasorobo, mimi saa moja na robo niwe mlangoni. Nusu saa! Nusu saa ya ndoa kwa siku, na humo humo kuna kuoga kwake, chai yake na viatu vyangu.

Lakini nusu saa gani! Anaingia na unga kwenye nyusi, namwita Unga, yeye ananiita Bibi Harusi, hajawahi kuniita jina langu tangu tuoane. Ananipa mkate mdogo aliouchoma pembeni kwa ajili yangu. Nani mwingine duniani anachomewa mkate wake mwenyewe?

Niandike na lile jambo, maana hapa hasomi mtu. Mke wake wa kwanza alifariki akijifungua mtoto wa tatu, na mtoto hakupona. Vijana wawili wanalelewa kwa wifi yangu. Kabla hajanichumbia alinikalisha akanieleza yote: hatampa mwanamke mwingine mimba maisha yake yote, na kama nataka mtoto nimwambie siku ile ile aondoke kwa heshima. Mimi sijawahi kulilia mtoto. Nililia mtu wa kurudi nyumbani kwake. Nikamwambia nakutaka wewe. Wiki moja baada ya harusi akaenda kukatwa mirija ya mbegu, akarudi anatembea kama amebeba mayai. Nilicheka mpaka nikalia.

Daktari alisema mbegu za zamani hubaki njiani. Tutumie mpira kwanza. Miezi mitatu ipite, na zitoke mara ishirini kwa uchache, ndipo apeleke sampuli ipimwe. Ikiwa safi, basi, tumemaliza. Akaongeza kwamba hata akiwa peke yake zinahesabika. Mume wangu akamtazama usoni akasema, "Nina mke, daktari."

Nina mke! Nilitaka kuruka pale kwenye kiti.

Mimi ndiye karani. Kila mara nachora moyo mdogo pembeni mwa ukurasa. Leo nimeihesabu. Tisa.

Jumatano, 15 Mei

Leo dukani nimeshona pazia la watu juu chini. Mwenye duka — tunamwita Mama Pindo, hakuna upindo asioupima kwa kidole — akaliinua mbele ya wote, akasema jamani tumsamehe, bibi harusi halali siku hizi. Mwenzetu anayeshona mito akaniuliza kama nahitaji mto wa kukalia. Kicheko! Nami nikainamisha macho, nikajifanya naona haya, nikawaacha waamini.

Nalala usingizi wa saa tisa kila usiku. Katikati ya kitanda, mikono yote miwili imenyooshwa.

Jumapili, 19 Mei

Moyo wa kumi!! Alikuwa ananisimulia tanuri lilivyogoma, akaishia kwenye neno "halafu". Alilala na "halafu" mdomoni. Nilimtazama karibu saa nzima. Ana kovu la moto kwenye kiwiko lenye umbo la jani. Ananuka hamira mpaka masikioni. Ni wangu.

Ijumaa, 24 Mei

Wiki kumi na mbili leo tangu akatwe. Akiwa na kikombe mkononi akaniuliza: karani, tumefika?

Nikasema tumepita.

Sijui kwa nini. Ninajua. Ukurasani ni kumi na moja, wa mwisho ulikuwa jana, wa haraka, mimi nimeshavaa sare ya duka. Kumi na moja ni hesabu ya watu waliooana miaka na miaka, wanaogombania shuka. Si yetu. Sikuweza kuliweka neno hilo mezani karibu na chai yake. Na nilifikiri, apimwe tu, aambiwe ni safi, aache kuwa na ile namna ya kunishika kama glasi ya mtu.

Akasema vizuri, basi Jumanne.

Jumanne, 28 Mei

Siku gani hii! Niiandike pole pole.

Maabara inapokea Jumanne tu, kabla ya saa tatu, na kikopo kifike ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili. Karatasi ya maelekezo imeandika hivyo. Imeandika pia kwamba asitumie mpira, wala mafuta, wala sabuni. Nikamwambia nikusaidie, niko hapa, ndiyo kazi yangu. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema atamaliza haraka zaidi akiwa peke yake. Akaingia chumbani. Akafunga mlango.

Nilisimama jikoni nikiangalia ukuta. Nikafuta meza iliyokwisha kufutwa. Mume wangu yuko upande wa pili wa ubao wa mlango, na mimi mkewe naogopa hata kukohoa nisimharibie. Nikajiuliza anamfikiria nani. Nikajibu: mimi. Nikajibu mara ya pili kwa sauti.

Akatoka amevaa uso wa mtu aliyetoka kwa polisi. Saa moja na dakika ishirini na tano. Macho mekundu, hajalala tangu jana, nikamwambia lala, nitakipeleka mimi. Nikakifunga kikopo kwenye leso nikakitia ndani ya sidiria, upande wa kushoto, nikatoka.

Nilitembea dakika ishirini na tano mkono kifuani kama mgonjwa wa moyo. Kilikuwa cha moto kidogo, kisha kikawa sawa na mimi, sikukisikia tena. Na nitaandika ukweli: nilifurahi. Muda wote ule nilikuwa naye barabarani, mchana, mbele za watu. Tangu harusi hatujawahi kutembea pamoja kwa urefu ule.

Dirishani kuna bwana mmoja miwani ameipandisha kwenye paji, sauti yake ya mnadani. Imetoka saa ngapi? Nikamwambia. Yote imeingia, au nyingine imemwagika? Ningejuaje, nilikuwa nafuta meza. Nikasema yote. Akaandika. Halafu bila hata kuishusha sauti: tangu akatwe, mara ngapi?

Nyuma yangu benchi zima. Bibi mmoja aliyeshika mkojo wake kwenye chupa ya dawa aliacha kutikisa mguu ili asikie.

"Ishirini na mbili," nikasema.

Bwana akashusha miwani. Akauliza tumeoana lini. Nikamwambia Februari. Akasema basi ni haki yenu, akagonga muhuri. Benchi likacheka, yule bibi akanipigapiga mgongoni, akasema mwanangu, kula kingali cha moto. Nikatoka pale kichwa juu kama nimepewa zawadi ya shule.

Nusu ya sifa ile ilikuwa ya uongo. Nusu kamili, nimeipigia hesabu njiani.

Na dukani! Nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa mbili, nikasema ni kipimo. Narudi wananitazama tumbo. Mshona mito ananikonyeza: tayari? Mama Pindo akaniletea kiti chenye mgongo. Nimekikalia kutwa. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Juni

Nimechukua bahasha mwenyewe, nikamkuta ameamka, ameketi mezani kunisubiri. Nikampa aifungue yeye.

Mbegu hai zimeonekana, nyingi. Wamuone daktari.

Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akaisoma tena. Akaniuliza: si tulifika? Nikasema tulifika. Mara ngapi? Nikasema ishirini na mbili, maana ndiyo imeandikwa kwenye fomu, hiyo hapo, muhuri juu yake. Akasema basi mirija imejiunga yenyewe. Akaikunja karatasi mara nne.

Kisha akasogeza kiti chake. Kidogo tu. Kama mtu anavyosogea jiko likizidi moto. Nadhani hata yeye hakujua amesogea.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi amelala kwenye kochi sebuleni. Anasema anakoroma, hataki kunisumbua. Anisumbue saa ngapi, nami niko kazini? Kitanda chote hakijakunjwa hata shuka.

Nimeondoka bila mkate. Amesahau, si kitu. Watu husahau.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwona yule mwenzake aliyevunjika mkono. Yuko dukani kwa muuza mafuta, amebeba ndoo iliyojaa kwa mkono ule ule. Nikamwuliza amerudi kazini lini. Akasema wiki tatu sasa, shemeji. Akanishukuru! Akasema hajawahi kuona mtu mwenye moyo kama wa mume wangu, maana ameomba mwenyewe aendelee na usiku wote, na Jumapili pia, wenzake wapumzike.

Wiki tatu. Kabla ya kikopo. Kabla ya bahasha.

Ameomba mwenyewe.

Nimerudi nikakaa kitandani na viatu. Nilidhani ni kazi inayotunyang'anya. Nimeimba wiki kumi na tano kwamba ni kazi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimejitazama kwenye kioo cha duka, kile kirefu cha wateja. Sina kasoro kubwa. Mama Pindo akaniambia nisijipime kiuno bado ni mapema. Nimecheka nao.

Alhamisi, 13 Juni

Tulikwenda kwa daktari wote wawili. Daktari hakuwa na wasiwasi. Alisema tungoje wiki sita tupime upya, huwa inatokea, ingawa kwa mara ishirini na mbili — akatazama fomu, akanitazama mimi — ni ajabu kidogo. Nilitazama kalamu yake. Mume wangu akasema hapana. Akatwe upya, haraka. Daktari akamweleza kwamba hakuna haraka, mpira upo. Akasema nikate, daktari, siwezi kungoja. Wamempa Ijumaa ijayo, tarehe 21.

Njiani nikamwuliza. Sikupanga, ilitoka tu. Nikamwambia nimemwona mwenzako, amebeba ndoo.

Akatembea hatua nyingi. Akasimama kwenye ukuta wa shule, mahali pasipo na mtu, akaniambia bila kunitazama:

"Mama wa vijana wangu aliingia hospitali kwa miguu yake. Begi alibeba mwenyewe, alikataa nisimbebee."

Akasema hata kwa mpira anaogopa, mpira hupasuka. Akinigusa tu anasikia kitasa cha wodi kikifungwa. Akaona afadhali awe mbali, na nyumba iwe na mkate, mpaka karatasi iseme ni safi, ndipo arudi kuwa mume. Alikuwa akiingoja ile karatasi kuliko mimi. Na sasa hii.

"Si kwamba sikutaki," akasema. "Nakutaka mpaka naogopa kurudi nyumbani."

Ningesema pale pale. Mdomo nilikuwa nao. Kumi na moja, mume wangu, si ishirini na mbili, mirija haijajiunga, ni mimi. Nikamshika mkono. Nikasema twende, jua kali.

Ijumaa, 14 Juni

Sikusema.

Naona sasa mzunguko ulivyo. Anaogopa, hanigusi. Hanigusi, mbegu zinabaki. Zinabaki, anaogopa. Na katikati nimeweka uongo wangu mdogo wa bibi harusi, ili bwana wa dirishani asinionee huruma. Atakatwa kwa kisu mara ya pili kwa ajili ya aibu yangu. Na akishakatwa ataanza kuhesabu upya — kwa ukurasa gani? Kwa mke gani?

Nikimwambia atajua nimemtazama machoni akiwa na hofu ile nikanyamaza. Siku kumi nimenyamaza.

Jumapili, 16 Juni

Saa kumi na moja kasorobo. Naandika jikoni haraka, sijali mwandiko.

Nimemwambia.

Alikuwa sebuleni anafunga kamba za viatu aende zamu ambayo hakuna aliyemwomba. Nikasimama mbele yake. Nikasema hatukufika ishirini. Akainua kichwa. Nikasema nilidanganya dirishani, nilikudanganya na wewe, watu walikuwa wanasikiliza, dukani kila mtu anadhani — nikaanza kueleza mito na benchi na yule bibi, maneno yakaruka ovyo, nikaacha.

"Ngapi?" akasema.

"Kumi na moja."

Nilitegemea apige kelele. Nilikuwa tayari kwa kelele, nimejipanga. Hakupiga. Alirudia namba hiyo taratibu, kama mtu anayesomewa jambo kuhusu nyumba yake mwenyewe ambalo majirani wote wanalijua. Kisha akauliza tangu Machi? Nikasema tangu Machi. Akaweka uso mikononi.

Nikamwambia usikatwe Ijumaa. Huna ubovu wowote. Nikamwambia kitu ambacho sikujua nitasema: mimi siogopi kufa kama ninavyoogopa kitanda kile. Nikakimbilia huku.

Saa kumi na moja kamili. Akitaka kuwahi, aondoke sasa.

Nachungulia. Amevua kiatu kimoja. Amekishika mapajani, anakigeuza kama hajawahi kukiona. Simu iko sikioni. Anaongea na msimamizi, sauti ya chini, siisikii, nasikia tu "ndiyo, mzee… ndiyo…" Anamwambia anachelewa au haji?

Anasikiliza. Mkono umeenda kwenye kamba ya kiatu cha pili, umeshika ncha ya kamba, na bado haujaifungua wala haujaifunga.