Swali la Kumi na Nne

Chilangala, Newala
12 Novemba 2023

Mama Justina,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu unaniuma kwa kuokota korosho. Hamjambo huko Lulindi? Wape wazee shikamoo zangu.

Simu zangu hupokei. Huenda ni heri, maana haya mdomoni hayatoki. Uliondoka ukisema nina mwanamke kilabuni, ndiyo maana mwaka mzima nakupa mgongo. Si hivyo. Mwili wangu umegoma. Nilikuwa nachelewa kwenye pombe ya uraka makusudi, nirudi nikukute umelala.

Wiki iliyopita watafiti wa afya walikuja zahanati kuwahoji wanywaji. Aliyenihoji ni binti, Happiness, mgeni kutoka Iringa. Ya pombe nikayajibu. La kumi na nne akasema, "Baba, tangu uanze kunywa kila siku, mambo ya chumbani yakoje?"

Nikainuka niondoke.

"Kaa, baba. Leo wewe ni wa sita kuinuka."

Nikakaa. Nikalia mbele ya mtoto wa watu. Anasema pombe huweza kuleta hali hiyo, na wengi wakiacha, mwili hurudi. Watanipima damu, wanisaidie kuacha taratibu, wanifuatilie mwaka mzima. Nimeweka sahihi.

Mumeo,
Baba Justina

---

Lulindi, Masasi
27 Novemba 2023

Baba Justina,

Barua tumeipata, nasi wazima. Justina alikuwa na mafua, yamekwisha. Wazee wanasema marahaba.

Nimeisoma nyuma ya jiko mara tatu. Mwaka mzima nilidhani mimi ndiye niliyeharibika! Nilisuka nywele, nikanunua kanga, nikamuuliza hata dada Winfrida kama nanuka. Na wewe ulikuwa na neno moja tu la kuniambia.

Sasa nijibu kweli. Hakuna mwanamke? Hata mara moja?

Mkeo,
Mama Justina

---

Chilangala
9 Januari 2024

Mama Justina,

Natumaini hamjambo. Nimechelewa kujibu kwa woga.

Alikuwepo. Mara moja, msimu wa mabibo wa mwaka juzi, kabla mwili haujagoma. Nilikuwa nimelewa, kondomu hata sikuikumbuka. Baada ya hapo nilikurudia wewe kama kawaida.

Majibu ya damu yametoka. VVU sina. Kaswende ninayo. Nimeanza sindano. Na wewe ukapime, tafadhali, usingoje kuumwa. Yule naye nimempelekea ujumbe.

Ningeweza kunyamaza. Nimeona bora unichukie ukiwa mzima.

Mumeo,
Selestini

---

Chilangala
3 Machi 2024

Mama Justina,

Salamu. Hujajibu, na sikulaumu. Nataka kujua tu kama ulipima.

Mwezi wa pili nilianguka, nilikunywa msibani siku mbili. Nilidhani watanifuta. Happiness akaandika tu kwenye fomu, kisha akasema, "Kesho tuanze tena, baba." Tumeanza.

Baba Justina

---

Lulindi
20 Aprili 2024

Baba Justina,

Sisi wazima.

Nilipima siku ileile. Ninayo. Nimechomwa sindano tatu, kila wiki moja, na kila ilipoingia nilikutukana. VVU wamepima mara mbili, sina. Nesi anasema nimewahi.

Hasira bado ninayo, usijidanganye. Lakini barua yako ndiyo iliyonipeleka hospitali, nalo silisahau.

Mwambie huyo Happiness: mbona wanawauliza wanywaji tu? Sisi tunaolala na mnywaji hawatuulizi? Nina majibu ya kumjazia daftari.

Mama Justina

---

Chilangala
16 Julai 2024

Mama Justina,

Habari za huko? Nilimsomea Happiness maneno yako. Alicheka, halafu akaomba ayanakili apeleke kwa wakubwa zake. Jana amerudi. Wameruhusiwa kuwahoji wake, wale watakaokubali. Wanakuomba uwe wa kwanza.

Dada Rahima hapo jirani ana chumba, utafikia kwake. Mimi nitakaa mbali mpaka uniite.

Mwili umeanza kurudi. Nakuambia kwa kuwa nimeahidi kutokuficha kitu, si kwa kukuharakisha.

Mumeo

---

Kwa Rahima, Chilangala
19 Oktoba 2024

Baba Justina,

Barua hii inavuka uwanja tu, Rahima ndiye tarishi. Kuandika tumeshazoea, na mengine bado nayaonea haya mdomoni.

Happiness alipomaliza kunihoji aliniomba nimsaidie kuwahoji wengine, na leo tumewahoji wanawake tisa. Wa kwanza alipofika la kumi na nne aliinuka kama wewe. Nikamwambia, "Kaa, dada. Hata mimi nimelijibu hilo." Akakaa, tukaongea mpaka chai ikapoa.

Wiki mbili hizi nimekuangalia. Kijiji kizima kinanuka uraka. Jumapili wenzako walikuita kwa jina, ukapunga mkono, ukaenda zako shambani. Nilikuwa dirishani.

Kupima tena tutakwenda wote. Na kama siku moja mwili utagoma, utaniambia siku hiyohiyo.

Justina ameshakusanya madaftari yake. Begi langu ni zito. Njoo ulibebe.

Mkeo,
Dominika