Kamba wa Huku Ana Koleo

Jumapili, Julai 2006

Kidole bado kinapwita. Njia nzima, Birmingham mpaka baharini Wales, niliwatambia wazamiaji wenzangu: kambakoche nimewashika sana Malindi kwa mikono mitupu, glavu ni za watoto.

Maji baridi kama barafu. Nikamwona mmoja shimoni, nikatia mkono. Lo! Kamba wa huku ana koleo! Wa kwetu hana, sasa ningejuaje?

Binti yangu Kadzo ni nesi. Akijua, atanikataza kuzamia. Nikamwambia nimebanwa na mlango wa gari.

Akakitazama kidole. "Baba, huo mlango una meno?"

"Magari ya siku hizi," nikasema.

Akakifunga bendeji. Sasa hivi nimefungua begi langu la kuzamia, nakuta glavu zake za kuoshea vyombo. Za rangi ya waridi.