Dakika Nne za Nyatiti

Nateete, Kampala
3 Oktoba

Dada Adero,

Pokea salamu za ndugu yako wa huku ng'ambo ya mpaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, shemeji mgongo umempa nafuu, na bintiyo Whitney hajabadilisha tena rangi ya harusi yake. Mimi ni mzima, ila miwani imeanza kunizoea. Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu nimeishika mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Umeniagiza nipange muziki wa harusi, ukanionya nisilete vitu vya kizee. Nimekuelewa. Lakini hii kazi yangu ya kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi imenifundisha jambo ambalo sikulisoma popote. Kila mteja namwuliza umri, kisha nachungulia anachochagua. Nilidhani watu huzeeka na nyimbo walizozipenda ujanani. Wapi. Wakishapita arobaini huja kuulizia, kwa sauti ya chini kama wanaonunua dawa ya minyoo, zile walizokuwa wakizikimbia.

Hajati Kaltumi, Mnubi anayeuza chai jirani yangu, amekiri kwamba usichanani alikuwa akijificha kila mama yake aliposhika ngoma ya doluka, asije akaaibika mbele ya wenzake. Leo kwenye harusi za kwao yeye ndiye anayewakemea wasichana kwamba wanapiga ngoma kama wanatwanga karanga. Nilipomwuliza alibadilika lini, akasema yeye hajabadilika, ngoma ndiyo iliyojirekebisha. Kisha akaniuliza mimi nilikimbia nini. Nikamwambia chai yake ina tangawizi nyingi.

Nilikimbia nyatiti ya baba, unajua. Nilikuwa nikisema nyuzi zake nane zinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Wewe nawe ulisema mbele ya wageni kwamba huo ni muziki wa walevi. Ndiyo maana kanda yake ilipopotea, ile moja tu aliyorekodiwa na mwalimu, hakuna aliyetafuta mkosaji mwingine. Baba akasema aliyeitupa kanda hana haja na nyatiti. Siku ya harusi yako akaketi mikono magotini, tukacheza disko la kukodi. Hakukupigia hata wimbo mmoja mpaka tukamzika.

Kanda ilikuwa kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sina kanda tupu, nikarekodi nyimbo za redioni juu yake. Nilipoona baba anaitafuta nikaificha sandukuni, na ulipolaumiwa nikanyamaza. Nimenyamaza miaka thelathini.

Mwezi uliopita udadisi ulinishinda. Nilitaka kujua kama bado ningezipenda zile nyimbo za redioni. Nasif, dereva rafiki yangu, ana gari kuukuu lenye redio ya kanda, tukaketi humo. Dada, nyimbo zangu zinaaibisha. Nasif aliniuliza kwa upole kama nilikuwa mgonjwa wakati ule. Kisha wimbo ukakatika katikati, nyatiti ikaingia. Kumbe sikurekodi hadi mwisho. Baba anakaza uzi, anakohoa, halafu anamwita Adero asogee amwitikie. Na mtoto wa miaka kama tisa anaitikia kila ubeti, kwa bidii, akichelewa kidogo nyuma ya nyuzi. Nasif alizima injini bila kuambiwa.

Sijui msamaha huombwaje kwa barua, kwa hiyo nimekutumia kilichobaki. Kwenye kifurushi hiki utakuta kanda yenyewe na flashi mbili. Ya bluu ni muziki wa harusi, hamna cha kizee hata kimoja. Nyekundu ina dakika nne tu, na ni zako. Whitney aingie nazo ukumbini, au uzisikilize peke yako jikoni, utaamua wewe. Na kama hutaki kuniona harusini Desemba, spika nitazituma na basi. Zenyewe hazina kosa.

Msalimie shemeji na watoto, na ukifika kaburini kwa baba, mwambie kanda imepatikana, na ilikuwa kwa nani.

Ni mimi nduguyo, niliyechelewa kuitikia,
Ondiek