Baba Hakukubali

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mmeamka salama, na mgongo wako umepoa. Huku tu wazima na Baba anakula vizuri, ila mimi nina hasira tangu Jumapili, na nimeona heri niandike, maana kwenye simu ningekuvunjia heshima.

Shangazi ameniambia umeshaanza kupaka rangi chumba cha Baba huko kwako, na unatangaza kwamba mwenyewe amekubali kuhama. Dada, Baba hakukubali chochote! Ulipompigia alijibu ndiyo, ndiyo, sawa mwanangu, kama anavyomjibu muuza maziwa, na juzi tumeletewa lita sita. Hakusikia hata neno lako moja. Kile kikuza sauti nilichomtengenezea, kiboksi cha mfukoni chenye waya wa masikioni, kimekufa. Na kimeuawa na mashine ya kulehemia uliyoniletea.

Usinune, nimeipima. Kioo chake kinaandika digrii mia tatu na hamsini. Nikaweka kipimajoto kwenye ncha, nikapata mia mbili na sabini. Risasi ya kulehemia haiyeyuki sawasawa, inavutika kama uji uliolala. Ukiongeza joto unangoja, unangoja, halafu ghafla ncha inaruka hadi karibu mia tano, na kioo kinaendelea kusema uongo bila haya. Mpini unachoma kiganja, na waya wake ni mgumu hadi unakuvuta mkono. Kwa taa ya kuchezea mtoto, sawa. Kwa bodi ya kikuza sauti, ndogo kuliko kiberiti, hapana.

Waya wa maikrofoni ulikuwa umechomoka tu, kazi ya dakika mbili. Nikagusa mara ya kwanza, ikagoma. Nikaongeza joto. Nilipogusa tena, njia ya shaba ilibanduka kwenye bodi na maikrofoni ikayeyuka nikiiona. Mzee alikuwa amekaa pembeni yangu, kiganja nyuma ya sikio, akingoja nimrudishie. Nilimlaani muuzaji, nikakilaani kiwanda, nikakulaani na wewe kwa kupenda vya rahisi.

Sasa nimeze aibu niseme. Siku ile uliniambia kwa furaha kwamba hukukurupuka, kwamba ulisoma kwanza kwenye ukurasa wa chama chetu cha wapenda elektroniki, na kwamba mtu anayejiita Fundi Mpole aliisifu mashine hiyo kuwa joto lake halitetereki. Fundi Mpole ni mimi. Niliazimwa moja kama hiyo kwa alasiri moja, nikaunga nyaya mbili nyembamba, nikatazama namba za kwenye kioo na kuziamini. Kipimajoto kilikuwa kwenye droo, sikukitoa. Watu walikuwa wakisifu maandishi yangu na kichwa kilikuwa kimenivimba. Ulipofungua boksi niliitambua, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa umefurahi mno. Katika hasira yote hii, dada, yako ni robo tu.

Nimezifuta sifa zile na kuandika vipimo vya kweli kwa jina langu halisi, wanichambue wanavyotaka. Maikrofoni nyingine nimeagiza. Nitailehemu kwa fundi redio wa mtaa wa pili, kwa chuma chake, naye akiwa amenisimamia. Wewe nakuomba uweke brashi chini kwanza.

Leo asubuhi nilimwandikia Baba swali lako kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kama anataka kuhamia kwako. Alitafuta miwani, akasoma mara mbili. Ndipo akaomba kalamu. Karatasi yenyewe nimeiweka humu kwenye bahasha, uone mwandiko wake. Ameandika: "Niulizeni nikiwa nasikia."

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Nisamehe, dada.

Ni mimi mdogo wako.