Usifungue Kibano Kabla ya Kesho

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila nyonga ya Baba bado inamsumbua, nami kuta za karakana naziona zinanisogelea kila siku.

Umeniuliza kuhusu meza yako inayoyumba. Kwanza chomoa mguu, ukwangue gundi ya zamani yote, maana mpya haishiki juu yake. Jaribisha kuunga kabla hujapaka chochote; ukishapaka ndipo ugundue ulimi, ile ncha ya mguu, hauingii kwenye tundu lake, utalia. Paka nyembamba, pande zote mbili. Kwa kuwa huna kibano cha kubania mbao, zungushia miguu kamba, uisokote kwa kijiti mpaka gundi ichungulie kidogo tu. Ukikaza kwa hasira utaikamua yote. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uiache mpaka kesho yake, hata ukiona imekauka. Hapo pa kuacha ndipo Baba alipokuwa akinigombeza tangu utotoni, na ndipo jina langu lilipotoka.

Unauliza pia kwa nini sikwenda kwenye ile kazi ya kiwandani niliyoililia miaka miwili. Shemeji anasema ni woga. Wee! Laiti ungekuwa woga tu. Unajua Baba alipoanguka na kile kiti alisema mikono yake imekwisha. Tangu siku hiyo hajagusa randa. Amenikabidhi ufunguo, anashinda mlangoni akiwaambia wateja kwamba yeye sasa ni wa kuangalia tu. Nikigusia kuondoka, anavitazama viganja vyake, basi, narudi kwenye mbao zangu.

Dada, kile kiti Baba alikichonga vizuri kabisa. Aliyekiunga ni mimi. Nilipaka gundi asubuhi, mchana nikakifungua, kwa sababu vibano nilivitaka kwa ajili ya kabati, nilimalize niwahi usaili wa hiyo hiyo kazi. Nikakipanga na vingine. Baba akakikalia kukijaribu, kama anavyofanya kwa kila kiti. Nilimwinua sakafuni huku akijilaumu, na mdomo wangu haukufunguka. Huu ni mwezi wa tano tangu aanguke. Nimemweka mlangoni kwa uongo wangu, na mimi mwenyewe nimejifungia humu ndani. Naona aibu hata kuandika.

Unajua desturi yetu: barua ninazokuandikia naziacha wazi juu ya meza ya kazi, Baba aongeze salamu zake chini kabla sijazipeleka posta. Hii nimeikunja mara tatu nikaitia mfukoni. Sasa naiacha wazi mezani, natoka nje.

Nibusie watoto, na shemeji umwambie nimemsikia.

Mdogo wako,
Chapchap

Mwanangu, nimesoma yote. Nisalimie mkwe wangu na wajukuu. Huyu wa hapa leo sisemi naye. Hebu muulize wewe, randa yangu kaiweka wapi?
Baba