Kidole cha Papa Tumbo

Muzee Amisi,

Nakuandikia mchana, mlango nimeufunga kwa ufunguo na meza nimeisukuma nyuma yake, maana siku hizi mtu akigonga tu natafuta pa kujificha. Mwanafunzi wako Furaha bado ni mwoga, hilo halijabadilika. Mji ndio umebadilika. Waasi wameuchukua, nawe uko makaburini wiki ya sita sasa. Watu wanaulizana ni nani aliyekuwa akiwaonyesha waasi nyumba za kuingia.

Wanamtazama Papa Deo, muuza makaa. Hawajasema wazi, ila wateja wanapita mbele ya magunia yake kama hayapo.

Unakumbuka tulivyoanza katuni yetu. Tuliazima nyuso za majirani, na hatukumchora mtu bila kumpelekea karatasi na kumwomba. Papa Deo alicheka hadi akakaa chini alipojiona baba wa familia, mvivu, mwenye tumbo, anayebomoa nyumba katika kila sehemu ya katuni, na wiki inayofuata nyumba iko nzima. Mtaa ukasahau jina lake ukamwita Papa Tumbo. Mama wa familia ulimpa uso wangu na sauti yangu, nami nikanuna siku mbili kwa ajili ya ile pua.

Kisha mlima ukalipuka, moto ukameza nyumba yako ya Kibati. Ulirudi kazini na majivu kwenye viatu, ukasema, "Furaha, nyumba ya Goma ikiungua hairudiake. Na ya Papa Tumbo isirudi." Tukaiacha familia ile chini ya hema, sehemu baada ya sehemu. Watazamaji walitutukana sana, halafu wakaanza kutuandikia habari za mahema yao wenyewe.

Kwa sehemu ya mwisho ulikwenda mbali zaidi. Wenye bunduki wanaingia, na Papa Tumbo, ili kuokoa watoto wake, ananyoosha kidole kwenye geti la jirani. Nilikuomba tuikate. Nilisema watu wanataka kucheka, si kutishwa. Ukajibu, "Usikate kile kidole. Mutu muzuri pia anaogopaka."

Wiki iliyopita Papa Deo alikuja hapa, tumbo lenyewe limekwisha. "Furaha, ile ya mwisho iko wapi? Batoto wananiuliza kila siku." Hajui Papa Tumbo anafanya nini ndani yake. Ikitoka ilivyo, watu watasema hata wachoraji walijua, na sidhani kama atamaliza siku. Nilimdanganya kwamba kompyuta imekufa.

Hapa nivumilie. Muzee, mimi najua si Papa Deo. Siku waasi walipofika mtaani kwetu, ulikohamia baada ya ule moto, walitukuta barabarani, mimi na mama yangu, tunatafuta maji. Waliuliza nani ana gari. Mmoja alimwekea mama bunduki kichwani. Nilinyoosha kidole kwenye geti lako. Niliwaza watachukua ufunguo wa gari lako waende zao, na gari lenyewe lilikuwa bovu. Tulikuwa hatujafika kona niliposikia mlio mmoja wa risasi.

Kwenye kilio chako nilipika, nikagawa chai, nikaosha vikombe. Mke wako, Mama Zaina, alinikumbatia mbele za watu akaniita mutoto wake. Nilikaa kimya. Na wakati wote huu wanapomtazama Papa Deo, nimekaa kimya vilevile, tena, Mungu anajua, nimepata nafuu kidogo.

Kidole sijakikata. Nimemwondoa Papa Tumbo pale getini nikamweka mama wa familia, mwenye pua yangu. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa chache. Kumwomba ruhusa mwenye uso ndiko kulikochukua siku nne, alikuwa akikataa na kulia.

Kesho asubuhi nitaipeleka kwa Mama Zaina kabla haijaonwa na mtu mwingine. Sitamwacha akisie. Nitamwambia kwamba nimechora nilichofanya. Kisha nitakwenda kwa Papa Deo nimwambie hivyohivyo. Bunduki naziogopa, lakini macho ya mke wako nayaogopa zaidi.

Pumzika, Muzee. Leo sikuombi msamaha. Nakuahidi hili moja: kesho nikifika kwenye geti lako nitapiga hodi, na mlango ukifunguliwa sitakimbia.

Furaha